Nitalipa, lakini saini iwe yangu: barua ya wazi kuhusu nyumba za wazee za kulipia

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Wazee, Zanzibar
Nakala: Waziri wa Afya, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, masheha wa Unguja na Pemba

Assalaamu alaykum.

Mheshimiwa, kila likizuka suala la nyumba za wazee za kulipia hapa kwetu, jibu huwa limeshapikwa: "Wazee wetu hawataki, si utamaduni wetu." Anayelitoa jibu hilo aghalabu ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mzima wa afya, na mama yake hakuulizwa. Mimi ni mama. Nimeshapindukia sabini, nilianza uuguzi Wete nikastaafia Unguja, nina watoto na wote wananipenda. Nakuandikia kusema kwamba mimi nataka, nitalipa, na tuko wengi. Ila nina masharti, na lililo kubwa ni hili: niingie kwa saini yangu mwenyewe, na siku nikichoka nitoke kwa saini yangu mwenyewe.

Sina neno baya juu ya nyumba za Serikali za Sebleni, Welezo na Limbani. Zinawatunza watu wasio na mtu, bila ya kuwatoza senti, na mwenye kuzidharau aende kwanza akaone waliopo humo wangekuwa wapi bila ya hizo. Lakini kwa sababu ndizo tulizozizoea, ukitaja nyumba ya wazee mtaani mtu anaelewa jambo moja tu: huyu kakosa mtu. Kwa hiyo mzee mwenye watoto watano na kiinua mgongo chake benki hana pa kubisha hodi. Akienda Sebleni atakuwa anamkalia nafasi asiyekuwa na chochote, na wanawe watasemwa msikitini na mazikoni. Akibaki nyumbani, nyumbani kwenyewe ndiko huko nitakakokueleza.

Kuuliza kuna namna yake. Ukimuuliza bibi mbele ya mwanawe kama yuko tayari kwenda kuishi nyumba ya wazee, atasema Mungu apishe mbali, na atasema kwa sauti ili mwana asikie. Hapo hakujibu swali lako, kamstiri mwanawe. Muulize tena uwani, mmekaa kwenye vibao mnachambua mchele, mwana katoka. Atanyamaza kidogo, halafu ataanza: "Kwani ni pesa ngapi? Anayeogesha wanawake ni mwanamke? Naruhusiwa kwenda na mashine yangu ya cherehani? Ramadhani nafutari na wanangu au nafutari na wageni?" Mheshimiwa, mtu asiyetaka kitu haulizi bei yake. Nimeyasikia maswali hayo kwa wenzangu wa darsa, nimeyasikia kwa wazee wa Pemba wanaovuka na feri kuja kutibiwa, na nimejiuliza mwenyewe.

Na wapo wasiotaka kabisa, hao waachwe. Shanghai kule China walipanga kwamba katika kila wazee 100, 90 watunzwe nyumbani kwao, 7 wasaidiwe na mtaa, na 3 tu ndio waingie nyumba maalumu. Hata hao, kwa wingi wao wote, hawakuwaza kuwahamisha wazee wote. Nami siombi Zanzibar nzima ihame. Naomba hao wachache wetu wapatiwe mlango.

Sasa nyumbani. Wasemaji wa utamaduni hulipitia juujuu jambo hili, nami siwezi, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Waswahili wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya mgonjwa wa kitandani anaijua muuguzi.

Mtu aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Saa nne za usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, mpaka alfajiri, na kesho yake tena. Usipomgeuza, ngozi ya makalio na ya visigino hugeuka nyekundu, halafu nyeusi, halafu hufunguka. Kidonda hicho huanzia ndani: juu unaona doa la ukubwa wa sarafu, ukilisafisha unakuta shimo linalopokea vidole viwili, na chini yake unagusa mfupa. Nimewapokea wodini kina mama wa nyumba za heshima, wamevalishwa kanga mpya, wamefukizwa udi, na ukiifunua kanga unaziba pua. Mabinti waliowaleta walikuwa wanalia. Si kwamba hawakuwajali. Binti anasomesha skuli, saa moja asubuhi yuko darasani, ana watoto wadogo, mume ana presha, na usiku, peke yake, anageuza mtu mwenye uzito kuliko wake. Geuza ya kwanza anaamka. Ya pili anaamka. Ya tatu usingizi unamshinda, na kidonda hakingoji.

Ndipo anapoletwa dada wa kazi. Msichana kutoka shamba au kutoka bara, hajafika hata miaka ishirini, kaajiriwa kufua na kupika, na siku ya pili anaambiwa "na bibi utamuangalia." Hajafundishwa kumnyanyua mtu bila kumtegua bega. Hajui kwamba mwenye sukari akianza kutoka jasho la baridi na kusema ovyo anataka kitu kitamu haraka, si kufunikwa blanketi. Anamlisha uji kalala chali, uji unaingia njia ya pumzi, wiki ya pili nimonia. Tukishazika tunasema siku zake zilifika. Zilifika kweli, hilo la Mungu silibishii. Lakini huyo msichana naye ni mtoto wa watu, tumembebesha kazi ya zamu tatu za hospitali kwa mshahara ambao naona haya kuuandika hapa, na hayo tunayaita kumtunza mzee nyumbani.

Kuna na upande mwingine ambao watoto hawauoni. Mzee hutunzwa kwa zamu: mwezi huu kwa Mwanakwerekwe, mwezi ujao kwa Fuoni, Rajabu na Shaabani Pemba kwa mkubwa. Mfuko wa dawa mkononi, mswala begani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe siliwezi tena. Kila nyumba nina kitanda cha mjukuu aliyehamishwa, na mjukuu anaonesha kwa uso. Hakuna anayenifukuza. Lakini pia hakuna mahali ambapo nikiweka miwani yangu usiku naikuta palepale asubuhi.

Mtaniambia, una nyumba yako. Hapa naomba wanaume wanisikilize vizuri. Mume akifa na ameacha watoto, mjane hurithi thumuni. Moja ya nane ya nyumba ni sawa na choo na nusu ya ukumbi. Nyingine ni ya wanangu, ni haki yao ya sharia na sidai zaidi. Wakikubaliana iuzwe, nyumba inauzwa, na mimi na thumuni yangu tunaingia kwenye ile zamu ya mwezi kwa mwezi. Wajane wengi wa umri wangu wana fedha hizo kidogo, au kodi ya chumba kimoja cha uwani, pamoja na pensheni. Haziwezi kununua nyumba. Zinaweza kulipia chumba.

Tuseme basi juu ya fedha, maana neno "kulipia" ndilo linalowatisha wengi. Pensheni Jamii ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, tajiri na maskini sawa, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Tunaishukuru. Inanunua dawa, samaki wa siku kadhaa, inamfanya bibi ampe mjukuu kitu mkononi, na hilo la mwisho si dogo. Kulipia matunzo ya mchana na usiku haiwezi, na isijaribu. Wastaafu wa Serikali tuna na pensheni yetu mbali. Wapo wenye watoto Muscat, Dubai na London wanaotuma kila mwezi. Fedha hizo zinatoka hata sasa, zinakwenda kwa dada wa kazi, kwa pempasi za watu wazima, kwa bodaboda ya usiku kukimbilia hospitali, na kwa kidonda. Jumlisheni wenyewe.

Ninachokihofia si bei ya mwezi. Nahofia hati ya nyumba. Uingereza, mtu mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hulipa matunzo yake yote mwenyewe, na wengi nyumba zao zimeuzwa kwa njia hiyo. Mfanyabiashara akija hapa kesho na kumwambia mzee "nipe hati yako nikutunze mpaka kufa," mzee aliyechoka atatia dole gumba. Siku akifa, warithi watakwenda kwa Kadhi, na mahakama itajaa. Wasia wenyewe hauvuki thuluthi, seuze karatasi aliyoitia dole mtu anayesahau chakula cha mchana. Kwa hiyo kanuni ziseme wazi: malipo ni ya mwezi, kwa fedha, yenye risiti. Hati ya nyumba, shamba na mikarafuu visipokelewe, hata mzee mwenyewe akiomba.

Kwa nini niliweka nakala kwa Kamisheni ya Wakfu? Kwa sababu wazee wa zamani wa visiwa hivi walilitatua jambo kama hili bila ya mfadhili. Waliweka nyumba wakfu, kodi yake ikaendesha msikiti, kisima, chuo na maskini. Mji Mkongwe una nyumba za wakfu mpaka leo. Nyumba moja tu pana, ya chini, yenye uwanja wa kati na kivuli, ingeweza kuwa nyumba ya wazee ambayo mwenye nacho analipa kamili na mwenye nusu analipa nusu, na pengo linajazwa na kodi ya maduka ya wakfu. Faida isiwe ya mtu. Ningelipa huko kwa moyo mweupe kuliko kumlipa mwekezaji. Na kwa walio na miaka 40 sasa, muangalie walichofanya Wajapani: tangu 2000 kila aliyefika umri huo hukatwa mchango wa bima ya matunzo ya uzeeni. Sisi wazee tumechelewa, hao wa miaka 40 wetu bado.

Dini. Najua hotuba itakayosomwa Ijumaa baada ya barua hii, na aya itakayosomwa ni ya 23 ya Suratul Israa, kwamba wazazi wakifikia uzeeni usiwaambie hata "ah." Nimeihifadhi toka utoto. Tena ndiyo inayonifanya niandike. Nimesikia "ah" nyingi sana katika nyumba ambazo mzee hakuwahi kutolewa nje ya mlango, nimeisikia saa nane za usiku kutoka kwa binti mwema aliyechoka, na sikumlaumu. Masheikh wetu watueleze kama mtoto anayelipa, anayekuja kila siku baada ya laasiri, anayemlisha mama kwa mkono wake kijiko baada ya kijiko kwa sababu usiku alilala, huyo kakosa radhi. Nasubiri wanijibu kwa dalili.

Maana wanaozuia, Mheshimiwa, ni watoto, na kinachowazuia ni watu watasema nini. Watoto wa Kizanzibari wako Uingereza wanafanya kazi katika nyumba za wazee. Wanawaogesha wazee wa wenzao, wanawageuza kila saa mbili, wamesomeshwa namna ya kunyanyua na wana vyeti. Wanatuma pauni nyumbani ili mama yao aangaliwe na msichana wa shamba asiyefundishwa. Akipiga simu humuuliza mama, "umekula?" Kila siku "umekula?" Hawezi kumuuliza kama amegeuzwa, kwa sababu analijua jibu. Hao ndio mngewaita kwanza mkitaka wakufunzi, maana hiyo kazi wanaijua na hapa haina wenyewe.

Mnayo Sheria ya Mambo ya Wazee ya 2020. Ninayotaka kuyaona katika kanuni zake, kwa nyumba za kulipia, mengine madogo lakini ndiyo yatakayotufanya twende au tusiende.

Anzeni na kukaa kwa muda. Mwambie bibi ahamie moja kwa moja, atalia. Mwambie akae wiki tatu wakati binti yake yuko Makka, au mwezi baada ya kuvunjika nyonga mpaka atembee, atakubali. Akirudi nyumbani atasimulia barazani, na mtaa utajua kwamba mtu huingia akatoka. Hili la kutoka ndilo ufunguo wa yote. Nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuonekana akitoka kwa miguu yake, sisi tutaiita kituo cha kungojea sanda, hata mkiitia marumaru.

Saini nimeshaisema, naongeza: mwenye akili zake asiingizwe kwa saini ya mtoto. Aliyepoteza fahamu au kumbukumbu, wasaini watoto wawili pamoja na daktari, na sheha ajue. Mtoto mmoja peke yake asitoshe, kwa sababu zipo nyumba ambazo mama akiondoka chumba kinapata mpangaji wiki hiyohiyo.

Wanawake waogeshwe na wanawake, wanaume na wanaume, usiku na mchana, si mchana tu. Pawe na pahala pa kutawadhia mtu akiwa amekaa. Adhana isikike. Wasio Waislamu, na tunao, wapelekwe kanisani kwao Jumapili. Mikaguzi ifanywe saa nane za usiku bila ya taarifa. Mchana kila nyumba inanukia udi. Mkaguzi asiangalie rangi ya ukuta, afunue visigino.

Na pawe mjini au kijijini penye watu. Kiwanja cha bei nafuu mtakipata porini, najua, na ramani itapendeza. Lakini mzee anataka kusikia watoto wa chuo wakipita, mchuuzi wa samaki akinadi, na mwanawe aweze kushuka kwenye daladala akaingia bila ya kupanga safari. Wapemba wajengewe Pemba, Wete au Chake. Kumvusha bahari mtu wa miaka themanini ili atunzwe Unguja ni kumhamisha nchi.

La mwisho katika masharti yangu linaweza kukuchekesha. Nikifa humo, maiti yangu itoke nyumbani kwa mwanangu. Nyumba ya kulipia iwe na gari la kunipeleka usiku huohuo. Wenzangu wote niliowasikia wamelitaja hili kabla ya chakula na kabla ya bei, na mgeni atakayezipanga nyumba hizi hawezi kulijua asipoambiwa.

Basi ninachokuomba ni kutuuliza. Iteni kikao cha wazee wenyewe, Unguja na Pemba, wanawake mbali na wanaume mbali maana mbele yao hatusemi. Wanetu waje siku nyingine. Msikiweke ukumbi wa ghorofani: mimi zamu hii nakaa ghorofa ya nne Michenzani, lifti hakuna, na siku nikishuka sitaki kupanda tena kwa ajili ya Serikali. Kiwe asubuhi, baada ya dawa ya presha na kabla ya adhuhuri, na choo kiwe karibu. Posho si lazima. Chai iwe ya rangi na sukari iwekwe pembeni, kila mtu anajijua.

Wako katika kuitumikia nchi,

Muuguzi mstaafu
Michenzani, Unguja